Komeo la Milembe

Milembe alikuwa na miaka ishirini na minne alipoporomoka kutoka juu ya lori la pamba kule Sola, akavunjika uti wa mgongo. Alikaa hospitalini Mwanza miezi mingi, akafundishwa kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kujigeuza asipate vidonda, kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe. Alirudi nyumbani akijua mambo mengi, na hakuna aliyejali anajua nini.

Kwa baba yake, mzee Bujiku, alikuwa mgonjwa, basi. Hata jina lake waliliacha. Chumba chake kilikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe lilikuwa la kila mtu. Wageni waliokuja kutoa pole hawakumsalimia yeye. Walimuuliza mama yake, Esteria, mgonjwa ameamkaje. Na Esteria, Mungu amsamehe maana Milembe hajamsamehe, aliwaingiza moja kwa moja, akafunua shuka waione ile miguu, wanaume nao wamo. Wakishasikitika vya kutosha, walitoka kwenda kunywa uji.

"Mayu, siku nyingine mpige hodi," Milembe alimwambia mama yake.

Esteria alicheka. "Nimpigie hodi mtoto niliyemzaa mwenyewe? Ndani ya nyumba ya baba yako?"

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa rohoni.

Alihama siku ambayo Bujiku alikwenda mnadani. Rafiki yake Monika, fundi cherehani wa mjini Nyalikungu, alikuja na bajaji akampakia yeye na kiti chake. Chumba walikuwa wameshakipata, na mwenye nyumba alikubali kupanua mlango na kumwaga zege penye ngazi. Milembe akashona sketi za shule kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Aliunguza ugali, akaanguka chooni, akamtukana kila aliyemjia akilini, akajiinua. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, na komeo hilo alilipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Asubuhi moja alisahau kulifunga. Bujiku alikuwa amekuja na mkokoteni wa ng'ombe, godoro limetandikwa, Esteria kakaa kando yake. Mzee alisukuma mlango akaingia na fimbo yake.

"Twende. Watu wanasema Bujiku kamtupa mgonjwa wake mjini."

"Mwangaluka, baba."

"Sikuja kusalimiana na wewe."

"Basi toka nje, upige hodi."

"Umesemaje?"

"Nimesema toka. Hapa ni kwangu. Ukinigusa napiga mwano, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe."

Bujiku alikaza fimbo mkononi. Maisha yake yote alikuwa akiitika mwano. Alijua yowe hilo likipigwa wanaume hutoka na marungu bila kuuliza, na alijua wakija watamkuta nani ndani ya chumba cha mwanamke. Alirudi nyuma hadi nje, akatema mate kizingitini.

"Ukifa humo, usitume mtu kwangu!"

Milembe aliubamiza mlango, akasukuma komeo. Alimchukia, na alitamani kumwita arudi, na kwa hilo akajichukia mwenyewe. Huko nje alimsikia akimfokea Esteria akae vizuri waondoke.

Kisha mlango ukagongwa, taratibu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, ng'wanone, mwanangu. Mama yako."

Milembe alikuwa amevaa tangu alfajiri: gauni, kilemba, kanga imefunika miguu.

"Subiri, mayu," alisema. "Sijavaa."

"Haya. Nasubiri."

Bujiku akawaswaga ng'ombe, na Esteria akamwambia atangulie. Milembe akavuta sketi iliyokuwa kwenye cherehani, akashika mpini, akashona upindo wote polepole mpaka mwisho, huku mama yake amesimama juani.