Sweta la Tableti

Tableti ilizima mara ya tatu saa nane na nusu mchana. Nikaitukana tusi ambalo siliandiki hapa, halafu nikakumbuka mama mkwe yuko sebuleni.

"Kuna nini huko, Marselina?"

"Hakuna kitu, mama. Nimejigonga."

Uongo mtupu. Nilikuwa nataka kulia. Mume wangu Alfred ameshakaa Dar miaka mitatu akibeba saruji ghalani, na nyumbani Kilosa tunamwona mara mbili kwa mwaka. Sasa kambi moja ya watalii kule Mikumi ilikuwa inatafuta mwongozaji, na kila mwombaji alitakiwa kutuma video ya dakika tatu akieleza wanyama. Mwisho wa kupokea ni siku hiyohiyo, saa kumi jioni. Picha tulishapiga alipokuja likizo. Kazi ya kuunganisha ni yangu mimi, maana ndiyo kazi yangu, natengeneza video za harusi na kipaimara. Nilizichelewesha kwa sababu ya harusi ya watu. Nikikosa, nimkabili vipi?

Nilijaribu kila ninachokijua. Nilipunguza mwanga wa kioo, nikafunga programu zote nyingine, nikailaza kwenye sakafu ya saruji. Umeme wenyewe ulikatika tangu asubuhi, feni imenyamaza, bati linawaka juu ya vichwa vyetu. Kila mara programu ya kuunganishia ilipoanza kuitoa video nzima, ikifika asilimia arobaini, yanatokea maandishi kwamba kifaa kina joto kali. Kisha giza.

Na sababu niliijua, ndicho kilichoniudhi zaidi. Mama mkwe wangu, Bi Scholastica, hufuma. Kwake hakuna kitu cha kukaa uchi. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, chupa ya chai ina kofia. Niliponunua tableti, mtumba lakini nzima, alikaa wiki mbili na macho yake yenye mtoto wa jicho akaifumia sweta la uzi mzito, la kijani na njano, akaacha dirisha la kioo na tundu la chaja. Halafu akalishona kwa nyuma mafundo kumi na mawili, wezi wa kwenye basi wasilivue. Siku aliyonikabidhi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Jamani, wewe ungelikata?

Akaingia chumbani akipapasa mlango. Akaigusa tableti.

"Mh! Ina homa hii."

"Ndiyo, mama."

Akatoka, akarudi na blanketi. Kweli kabisa, blanketi! Akaanza kuifunika taratibu, kama alivyonifunika mimi nilipougua malaria mwaka jana.

"Itoe jasho, itapona."

Hapo nikashindwa. "Mama, sweta! Hilo sweta ndilo linaloiua!"

Nikatamani ardhi inimeze. Sijawahi kumpandishia sauti yule mama, na hasira zangu mtaa mzima unazijua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nisamehe, mama. Niliogopa kukuumiza."

"Miezi minne unaogopa uzi?" Akacheka, akaketi kitandani. "Una wazimu, mwanangu. Uzi upo dukani. Lete wembe."

Nikataka kukata mwenyewe, akakataa. Alikata fundo moja moja kwa kupapasa na vidole, mimi roho juu nikitazama saa. Sweta lilipotoka, mgongo wa tableti ulikuwa wa moto kama sufuria. Akachukua kipepeo cha jikoni, akaanza kupepea. Nikawasha, nikaanza upya. Thelathini. Arobaini. Hamsini. Mkono wake ulichoka, akahamishia wa kushoto, sikuruhusiwa kumpokea. Nilimpenda mno yule mwanamke saa ile.

Saa kumi kasoro dakika nne ikafika mia. Nikaituma. Mtandao ukasuasua, ukasuasua, ikaenda.

"Imekwenda, mama!"

"Wakimchukua, atalala Mikumi?"

"Atalala Mikumi. Siku za mapumziko anakuja hapa, hata kama ni usiku mmoja."

Akaomba kumwona. Nikaifungua video, akaileta tableti karibu kabisa na uso. Alfred alikuwa kando ya barabara inayopita hifadhini, twiga nyuma yake, akisema kwa sauti yake ya kujikaza kwamba yeye ni mzaliwa wa Kilosa. Mama akaweka kidole kwenye shavu lake. Video ikasimama, Alfred akabaki mdomo wazi.

"Umeigusa, mama, ndiyo maana imesimama. Ngoja niiendeleze."

"Usiiendeleze," akasema, na kidole hakukitoa. "Mwache akae hapo kidogo."