Sufuria ya Ezra Iliyoongezeka

Kalori za Ezra nilizihesabu mimi, na nilizihesabu kwa ukali. Figo zangu zimekufa zote mbili, mdogo wangu Ezra amekubali kunipa moja ya kwake, na daktari amesema hatamgusa mpaka apungue uzito. Uhai wangu ulikuwa kwenye sahani ya mtu mwingine. Nani asingekuwa mkali?

Basi kila siku, kabla Mama hajabandika sufuria, nilipima. Ndizi zilizomenywa, nyama, kitunguu, kijiko kimoja cha mafuta, hata maji. Naingiza kwenye simu, simu inajumlisha, nagawa kwa milo ya Ezra. Alipika Mama, kwa sababu mimi nikisimama jikoni kidogo tu kizunguzungu kinanishika. Kuonja sikuonja, mgonjwa wa figo kama mimi ndizi nimekatazwa.

Na Ezra akanenepa.

Kliniki walipompima nilidhani mashine yao ni mbovu. Walipompima tena nikamgeukia yeye. Anafanya kazi gereji Ngaramtoni, na mlangoni pao kuna banda la chipsi. Nilimtukana. Nilimnusa mpaka jaketi. Aliapa kwamba chipsi hajagusa, kisha akainamisha kichwa, nami nikajua nimemkamata.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeniuliza kama napima sufuria baada ya kupika. Sikuwa napima. Akanieleza kwamba maji hupotea na mvuke, kwa hiyo chakula kikiiva kipimwe tena, nitoe uzito wa sufuria tupu, ndipo nigawe. Niliona ni usumbufu, lakini Jumamosi nikafanya.

Mama alipoepua mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, niliiweka sufuria kwenye mzani. Nikaitoa. Nikairudisha. Chakula kilichochemka lazima kipungue. Hiki kilikuwa kimezidi vyote nilivyopima kwa karibu robo kilo.

“Yeyo,” nilimwambia Mama, “umeongeza maji?”

“Sijaongeza maji.”

Alisema kweli. Nilichota mtori kwenye bakuli nikauweka dirishani. Baridi ya Olmotonyi mwezi wa saba haichelewi. Niliporudi na kijiko, kilikwama kwenye utando mweupe, mgumu. Mafuta ya kondoo, yale tunayompa mwanamke aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu. Sikuamini macho yangu.

“Unataka nife,” nilisema.

Mama hakulia wala hakukana. Aliendelea kufuta meza.

“Wewe ulipougua sikuulizwa, mwanangu. Huyu ni mzima. Nimpeleke mwenyewe akapasuliwe? Mkibaki wote wawili huko kwa daktari, mimi nitarudi hapa na nani?”

Mama yangu, anayenishika mkono kila ninapokwenda kusafishwa damu.

Ezra aliingia na grisi yake mikononi, akamwamkia Mama. Nilimsukumia lile bakuli.

“Tazama anachokulisha. Mafuta ya kondoo. Nimekutukana bure, mdogo wangu, nisamehe. Kuanzia leo chakula chako nasimamia mwenyewe, nianguke nisianguke.”

Nilitegemea atashtuka. Hata bakuli hakulitazama.

“Dada, mafuta ya kondoo nani asiyeyajua? Ukila tu yanaganda kwenye meno.”

Mama aliacha kufuta meza. Kumbe hata yeye hakujua kwamba Ezra anajua.

“Ulijua lini?” niliuliza.

“Kijiko cha kwanza.”

“Na ukala.”

“Nikala.” Alijipangusa mikono kwenye suruali, akajipangusa tena. “Nilishasema ndiyo mbele ya ukoo mzima. Lakini naogopa kisu, dada. Naogopa mno. Nilishindwa kukutazama usoni nikakwambia, nikaona afadhali daktari ndiye aseme hapana.”

Ezra alisimama pale, mtu mzima, anangoja nimtukane.

Nilimchotea mtori wa moto sufuriani, na mafuta yake yote, nikamsogezea na kijiko.

“Kula,” nilimwambia. “Kinapoa.”