Vidonge vya Kopo la Omena

Mjinga wa siku ile alikuwa Murunga, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza, anakuongezea hata yale ambayo hukuwa umeyasikia.

Murunga ni fundi wa makochi Kawangware. Mikono yake haina neno. Shida ni mdomo, ambao haujawahi kupata kifuniko. Mwaka jana mkewe Kavetsa aliposhika mimba ya pili, mdomo huo uliifikisha habari kazini, kanisani na kwa muuza maji kabla Kavetsa mwenyewe hajaizoea. Akatengeneza na kitanda cha mtoto, akakipiga vanishi, akakianika kando ya barabara ili kila mpita njia apate kuuliza. Mimba ikatoka, kama ile ya kwanza. Kitanda kikakaa uani mpaka Gathogo, mwenye ploti wanayopanga, akakiomba. Siku hizi vifaranga vyake ndimo vinamolala.

Jumamosi hiyo Murunga alikuwa anatafuta chumvi. Kavetsa alikuwa ameshaenda kibandani kuuza mboga. Akafungua kopo la dagaa wakavu wa omena, ambalo huwa haligusi kwa sababu ya harufu, na humo akakuta bahasha ndogo ya kaki ya duka la dawa. Ndani mlikuwa na kipande cha vidonge kilichokatwa kwa makasi, hata jina halikubaki.

Mtu mwenye akili angengoja mkewe arudi. Murunga akamwendea mwenye ploti.

Gathogo alikuwa akiwamwagia kuku chakula. Akakigeuza kile kipande juani kama anayekagua noti bandia.

"Wee, hizi ni za kupanga uzazi," akasema. "Bibi yako anakuzungusha, Murunga. Unabisha hodi miaka yote hii, kumbe mlango umefungwa kwa ndani."

"Una uhakika, mzee?"

"Mimi ni baba wa watoto saba. Nisizijue?"

Kwamba baba wa watoto saba ndiye aliyeaminiwa kuzitambua dawa za kupanga uzazi, Murunga hakuliona hilo mpaka jioni.

"Lete niwape kuku," Gathogo akaongeza. "Wanasema zinanenepesha."

Vikapondwa kwa jiwe vyote, vikachanganywa na chakula, na kuku hawakuacha hata punje.

Sasa, kwa kina Murunga mashtaka ya mke hupelekwa kwa senge, yaani shangazi yake. Senge wa Kavetsa ni Phanice, anakaa Kambi Muru, kule Kibera. Murunga akaenda akiipanga hotuba njia nzima. Alipofika alisimama mlangoni kama mkwe anavyopaswa, akaimwaga. Senge aliendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, senge."

"Basi sikia. Hospitali nilimpeleka mimi. Siku zake zilikuwa zinakuja zikitaka, akapewa dawa za kuzirekebisha. Zikatulia, akashika mimba. Sasa amepewa hizo za kuishikilia, maana zile mbili zilitoka zikiwa changa. Daktari alisema asiruke hata siku moja. Ziko wapi?"

Murunga alitazama viatu vyake.

"Ziko kwa kuku, senge."

"Kuku gani?"

"Wa Gathogo."

"Kwani nao wana mimba?"

Hakungoja jibu. Aliepua karai, akajifunga leso, akatangulia. Duka la kwanza hawakuwa nazo. La pili wakataka karatasi ya daktari. Wakarudi kule kule hospitalini, wakakaa kwenye benchi na wanawake wenye matumbo, Murunga akiwa mwanaume peke yake. Dawa zilipopatikana alilipa bila kupatana bei.

Jioni walimkuta Kavetsa sakafuni. Alikuwa amemimina omena zote kwenye sinia, anazipekua moja moja. Akaona bahasha mpya mkononi mwa mumewe, na senge nyuma yake. Akaichukua, akameza kidonge kwa chai iliyopoa, kisha ndipo akakaa kitandani aelezwe.

Senge alieleza. Hapo Murunga angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini ule mdomo.

"Sawa, nimekosa," akasema. "Lakini na wewe una makosa, mama. Mimi ni bwanako. Si ungeniambia tu? Ungeniambia, haya yote yangetokea?"

Gathogo, ambaye alikuwa amekuja mlangoni kujua kelele ni za nini, akaitikia, "Hapo ni ukweli. Mwenye boma hafichwi."

Kavetsa aliwatazama wote wawili. Uani, vifaranga vilikuwa vinagombania nafasi ndani ya kile kitanda cha vanishi.

"Kitanda ulipeleka kwa kuku," akasema, bila kupaza sauti. "Dawa umepeleka kwa kuku. Huyu mtoto, Murunga, utamtangaza akishaanza kukuita baba."