Kadi Aliyoikata Mama Vifungo

Mimi sijasema uongo hata mara moja maishani mwangu. Haya, huo ni wa kwanza wa leo, tuendelee.

Alikuwapo mshonaji mmoja aliyeitwa Mama Vifungo, kwa sababu kifungo chochote kilichokudondoka angekitafutia pacha ndani ya kopo lake la bati. Kwa miaka kumi na tisa cherehani yake ilikaa katika chumba cha kupanga, kona ya barabara. Sasa mwenye chumba anauza. Muuza simu mmoja alishakuja na futi kupima ukuta, anawaza rafu zake atazipanga wapi, na Mama Vifungo amekaa palepale, anamtazama kama mgonjwa anayemtazama seremala wa majeneza. Yeye na mumewe wamepewa hadi Ijumaa walete barua ya benki ya mkopo wa kukinunua wao. Wasipoileta, chumba ni cha simu.

Jumatano asubuhi wakawa mbele ya afisa wa mikopo, binti mwenye mwanya na sauti ya taratibu. Mume, fundi bomba mstaafu, alikuwa anajipapasa mifuko.

"Miwani yangu sijui imekwenda wapi. Mke wangu, hujaiona?"

"Tangu jana sijaitia machoni," alisema Mama Vifungo, akikumbatia mkoba wake. "Utazeeka utapoteza na pua. Binti atatusomea."

Moyo wake ulikuwa unapiga kama cherehani iliyokanyagwa na mtoto. Ngoja nikwambie kwa nini.

Miaka sita nyuma waligombana juu ya kadi ya mkopo ya Mama Vifungo. Mume alisema, "Kadi hiyo ni panya ndani ya gunia. Leo atakula punje, kesho utakuta gunia tupu." Mke akachoka kelele. Akamwita mume, akamwita na wifi yake awe shahidi, akachukua mkasi mkubwa wa vitambaa, akaikata kadi vipande vinne mbele yao. Tangu siku hiyo mume hakukaa barazani bila kuisimulia: namna alivyomshinda mkewe kwa hoja, namna mkasi ulivyolia.

Kilichokatwa kilikuwa kadi ya kukusanyia pointi za zawadi ya duka la sabuni. Ile yenyewe ilikuwa ndani ya kopo la bati, chini ya vifungo vya makoti. Kwa miaka sita aliitumia kununulia vitambaa, na kila mwisho wa mwezi akailipa bila kuchelewa hata siku moja, maana mwenye siri hulala jicho moja wazi.

Miezi mitatu iliyopita, aliposikia chumba kinauzwa na mkopo utahitaji taarifa zao, alikwenda benki akaifunga akaunti ya kadi hiyo. Alidhani imekwisha. Yeye, mtu aliyefumua mishono maisha yake yote na kuona matundu ya sindano yakibaki kwenye kitambaa, hili hakulifikiria.

"Baba, wewe huna historia ya mkopo," alisema afisa, akisoma taarifa iliyotoka kwa kampuni inayoweka rekodi za wakopaji. "Hujawahi kukopa popote, kwa hiyo hatuna cha kukupimia."

"Sikopi mimi!" Mume alijivuna.

"Mama ana akaunti moja ya kadi. Imefungwa."

Mama Vifungo aliukumbatia mkoba zaidi. "Imefungwa, mwanangu, sasa imeandikwa ya nini?"

"Kufungwa si kufutwa, Mama. Itabaki humu kwa miaka. Imeandikwa ilifunguliwa lini, nani aliifunga, kama ulilipa kwa wakati. Hapa wanasema imefungwa kwa ombi la mteja, haidaiwi kitu, na hakuna malipo hata moja yaliyochelewa. Usiogope. Hii ndiyo inayowabeba nyote wawili."

"Umesikia?" Mume alimgeukia mkewe, uso unang'aa. "Nani alikuambia uikate? Binti, niliiona kwa macho yangu ikikatwa. Miaka sita sasa!"

Afisa alirudi kwenye karatasi. "Miaka sita? Hapa inaonekana imefungwa miezi mitatu iliyopita. Na ilikuwa inatumika kila mwezi."

"Basi wamekosea," alisema mume. "Andika kwamba wamekosea. Kuna mtu anatumia kadi ya mke wangu! Nina shahidi, dada yangu alikuwapo."

"Kama kuna kosa, Baba, tunapeleka malalamiko kwanza. Wanachunguza, mwezi mzima pengine. Mkopo utasubiri."

"Usubiri! Haki ya mtu haiuzwi kwa haraka."

Akilini Mama Vifungo alimwona muuza simu na futi yake. Aliona cherehani imebebwa miguu juu. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameshaegemea meza tayari kumpigania, mwanamume wa watu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Afadhali angemgombeza yeye.

"Hamna kosa," alisema.

"Unasemaje?"

"Taarifa ni sahihi. Niliifunga mwenyewe, mwezi huohuo walioandika."

Afisa alianza kunyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Na ile tuliyoikata?"

"Ya pointi. Ile ya sabuni."

Miaka sita ya barazani ilikuwa inampita mume usoni, mmoja mmoja. "Wanaume wote wa mtaa ule nimewahadithia kadi ya sabuni," alisema taratibu.

"Ulihadithia vizuri, lakini."

Afisa aliziba mdomo kwa kalamu. Mume alimtazama mkewe, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Kama ni kicheko au ni hasira, hata yeye nadhani hakuwa na hakika. "Tusaini kwanza," alisema. "Nyumbani tutazungumza. Lakini niambie ukweli, na huu uwe wa mwisho: hakuna kingine ulichonificha?"

"Naapa, mume wangu. Hata sindano."

"Kitambulisho chako, Mama," alisema afisa.

Mama Vifungo alifungua mkoba, akavuta kitambulisho, na miwani ya mumewe ikatoka nacho, imenasa kwa mguu mmoja, ikaangukia juu ya meza.