Peres na Tundu la Sindano

Wanaomjua Mama Peres wa Kabiria watakuambia kwamba mwanamke yule hakuumbiwa kunyamaza. Alikuwa akiuza samaki wa kukausha sokoni Kawangware, na mtu aliyekwenda kununua samaki alirudi nyumbani na samaki pamoja na habari za ukoo mzima asioujua. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwaka 1959, alipokaa kiti cha nyuma kabisa katika basi la watalii, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi na mdomo umefungwa, ilikuwa adhabu aliyojipa mwenyewe. Sababu ya adhabu hiyo ilikuwa imesimama mbele karibu na dereva, imevaa koti la kaki lililopigwa pasi. Alikuwa mkwe wake, Were, na hakujua kwamba mama mkwe wake yumo ndani ya basi.

Kwao magharibi, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hushika kichaka. Tangu Were amwoe Selpher, binti wa pekee wa Peres, kila neno lililotoka kwake lilipitia kinywa cha mtu mwingine: mama anasalimiwa, mama ameletewa sukari. Sauti ya mkwe wake Peres aliijua kutoka upande wa pili wa ukuta. Ungemwuliza sura yake, angekueleza kisogo.

Were alikuwa mbeba vikapu katika kampuni ndogo ya utalii pale mjini. Wageni wa Kizungu walipokwenda kutazama miamba na mapango ya bonde la Mbagathi, chini ya milima ya Ngong, yeye aliwabebea chakula huku masikio yake yakinasa kila lililosemwa. Mwaka huo aliwashawishi wakubwa wajaribu safari moja ya Waafrika, naye awe mwongozaji. Walikubali kwa shingo upande, wakaweka sharti. Msimamizi wao, bwana mmoja mkavu aliyeitwa Muli, angekwenda nao kutazama. Wageni wote wakifika mwisho wa njia na kurudi salama, kazi ni ya Were. Wasipofika, hata vikapu asivione tena.

Kazi ikimponyoka, Were alikuwa amekwisha kuamua kuhamia Kericho kwa kaka yake, wakachume majani ya chai, yeye na Selpher na mtoto wao. Selpher alipomweleza mama yake alilia. Peres hakulia, alikasirika. Mjukuu ndio kwanza anaanza kutambaa, apelekwe Kericho kwa sababu ya mawe? Na kazi yenyewe hakuwahi kuielewa. Sokoni walimtania kwamba mkwe wake hula kwa kunyoosha kidole kwenye jiwe, naye alikosa la kujibu, jambo ambalo lilimuuma kuliko utani wenyewe. Akaamua kwenda kujionea mwenyewe, akamtuma jirani yake Kanini achukue nafasi mbili, moja yake na moja ya mtu atakayemwita shangazi yake. Akapanda basi kwenda mjini, ili River Road apande basi jingine la kumrudisha alikotoka na kumpitisha mbele.

Walipoiacha Ngong Road na kupita Karen, kwenye nyumba kubwa zilizojificha nyuma ya ua wa michongoma, Were alianza kusema. Peres alitega sikio kwa nia mbaya kabisa. Alitaka kusikia upuuzi ili akirudi amwambie Selpher, si nilikwambia. Lakini Were alisema vizuri. Hakujitia Uzungu, wala hakubabaika. Waliposhuka na kuteremka bondeni, aliwasimamisha mbele ya ukuta wa mawe uliopasuka kama nguzo zilizopangwa na fundi, akawaambia kwamba mwamba ule zamani ulikuwa moto, ulitiririka kama uji, ukapoa, ukakatika vile tope la kidimbwi linavyokatika wakati wa kiangazi. Watu waliguna. Mzee mmoja aliugusa kwa kidole cha shahada, labda joto limebaki.

Peres swali lilimkaba kooni. Huo moto ulitoka wapi, na ukaja kuzimwa na nani? Akamfinya Kanini aulize. Kanini, ambaye naye alikuwa amezama katika kutazama, akauliza jambo lingine kabisa. Peres nusura apasuke. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Kwenye jiwe kubwa lililokaa juu ya jiwe dogo bila kuanguka alikuwa na swali, kwenye popo waliojining'iniza darini mwa pango la kwanza alikuwa na maswali chungu nzima, na yote aliyameza makavu.

Pango la pili lilikuwa refu na kavu, na dari lake lilikuwa jeusi kwa moshi. Were alivua kofia kabla ya kuingia. Msitu wa bonde lile ulikuwa umefungwa kwa Waafrika miaka mingi tangu Hali ya Hatari itangazwe, kwa kuwa wapiganaji walijificha humo, na wote walijua. Muli alisimama mlangoni, mikono nyuma, akimsikiliza mwongozaji atasema nini.

"Moshi huu ni wa watu," Were alisema. "Walilala hapa, wakapika hapa. Majina yao mimi sina. Pengine kati yetu kuna mwenye nayo."

Hakuongeza neno. Wanaume wakavua kofia mmoja baada ya mwingine. Kanini, ambaye kaka yake alikwenda msituni na hakurudi, aliweka kiganja ukutani akakaa nacho pale, na Were akawafanya wengine wote wamngoje. Muli alitazama viatu vyake. Hapo ndipo Peres, aliyekuja kutafuta kasoro, alipojikuta amesahau alichokuja kutafuta. Alimwonea fahari kijana yule.

Basi kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, kufika mwisho. Na mwisho wa njia ulikuwa upande wa pili wa mwamba, kupitia ufa ambao wabeba vikapu waliubatiza Tundu la Sindano. Were aliwaeleza kwamba upana wake unamtosha mtu akipita ubavu, na kwamba mbele yake kuna jukwaa la mawe ambapo bonde lote linaonekana. Alitangulia yeye. Wanawake wakafuata, wanaume nyuma. Kanini alipita, na walimu wawili wasichana wa Riruta wakapita wakicheka. Kisha ikawa zamu ya Peres.

Peres hakuwa mwanamke mwembamba, na hakuwahi kulionea haya jambo hilo. Aliingia kwa ubavu, akatoa pumzi, akasogea, akasogea tena, na hatua chache kabla ya mwanga mwamba ukamkamata kifua na mgongo kwa pamoja. Kanini aliuma meno akamvuta, viatu vikateleza, akakaa chini. Walimu nao hawakuwa na nguvu za kumvuta hata mbuzi. Nyuma yake alikuwa Zedekiah, karani mwenye tumbo na suti, mzee wa kanisa. Waliomfuata walimwambia asukume. Zedekiah alitazama palipopaswa kusukumwa, akasema yeye ni mtu wa kanisa na hawezi.

Were akaja mwenyewe. Aliegemeza mguu mmoja kwenye jiwe, akanyoosha mkono ndani ya ufa, akasema, shangazi, shika. Katika kuhangaika kitambaa cha Peres kilikuwa kimekwisha kuanguka, na mwanga ulimpiga usoni, uso ule ule wa Selpher. Mkono wa Were ukarudi kana kwamba umegusa kaa la moto. Aligeuza uso haraka, akatazama ukuta.

"Kuna nini huko?" Muli aliuliza kutoka nyuma.

Zedekiah alichungulia juu ya bega la Peres, akamtambua, kwa kuwa walitoka tarafa moja. Akawatangazia wote kwamba huyu ndiye mama mkwe wa mwongozaji, na kwamba kwa mila zao haiwezekani kabisa amguse. Habari ikapita kinywa kwa kinywa hadi mwisho wa msururu. Wengi wao walikuwa na mila kama hiyo makwao. Hakuna aliyecheka.

Were alivua koti lake. Bila kumtazama, alimrushia mkono mmoja wa koti, naye akashika mwingine, wavutane bila ngozi kugusana. Peres aliona ujanja ule akaupenda. Alishika kwa mikono yote miwili. Were akavuta, Peres akasogea kidogo sana, kisha mshono wa begani ukaachia krrr, na Peres akabaki na mkono mtupu wa koti.

Muli alikohoa. Alisema kwamba ameona vya kutosha. Mama arudi nyuma taratibu, na kila mtu arudi basini, safari imeishia hapa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga duka.

Kurudi nyuma kuliwezekana, hilo Peres alilijua, kwa kuwa nyuma ufa ulikuwa mpana. Angejivuta pole pole, angefuta vumbi, angekwenda nyumbani na heshima yake yote haijaguswa. Naye Were angekwenda Kericho. Alimtazama mkwe wake aliyesimama amempa ubavu, shati limeloa jasho, mkono umeishia nusu njia kwa kutaka kusaidia na kukatazwa. Pango lile lenye moshi lilimjia akilini, na namna kijana yule alivyojua pa kusema na pa kunyamaza. Alikuwa akiogopa kweli, maana jambo alilotaka kulifanya hakuwahi kusikia mwanamke wa kwao akilifanya. Halafu akapiga moyo konde.

"Were," aliita.

Hakuwahi kulitamka jina hilo akimwelekea mwenyewe. Na alisema kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, ili kila mtu asikie.

"Leo mimi si mama mkwe wako. Leo mimi ni mgeni wako, na wewe ndio unaniongoza. Mgeni amekwama. Nipe mkono."

"Mama, watu wa nyumbani..." Were alijibu, uso ukutani.

"Watu wa nyumbani hawako kwa hii ufa. Mimi ndio niko. Nipe mkono, mwanangu."

Were alifumba macho. Akanyoosha mkono, na Peres akaudaka kabla haujabadili nia. Ulikuwa mkono mgumu, wenye sugu za vikapu, na ulimshika sawasawa. Alitoa pumzi yote iliyokuwemo kifuani, Were akavuta kwa mwili mzima, kifungo kimoja cha gauni kikaruka, na Peres akatoka kwenye mwamba, akasimama juu ya jukwaa la mawe akihema, jua limemjaa usoni. Chini yake bonde lilifunguka lote, mto ukimeta katikati ya mawe, milima ya Ngong imesimama pale karibu utadhani ungeinama ukaigusa. Kanini na wale walimu walipiga makofi, na waliokuwa ndani ya ufa, ingawa hawakuona kitu, wakapiga pia.

Peres hakuwapa nafasi ya kushangilia sana. Alikaza mkanda wa gauni, akasimama kando ya mkwe wake, akaita wa nyuma waje. Aliyefuata alikuwa Zedekiah, na tumbo la karani likakwama pale pale alipokwama Peres. Hata katika hali hiyo alipata pumzi za kuuliza ukoo utasema nini juu ya mambo aliyoyaona.

"Waambie nilifika mwisho," Peres alimjibu. "Wewe bado. Lete mkono."

Were alishika mmoja, Peres akashika wa pili, wakamvuta mzee wa kanisa akatoka na suti imegeuka rangi. Wakamvuta aliyemfuata, na aliyemfuata. Kulikuwa na wazee wawili waliokuwa wameapa kubaki nje kwa woga, nao waliposikia kwamba mama mnene amepita wakaona aibu, wakajipanga. Wote walivutwa na watu wale wawili, bega kwa bega, mmoja akisema "moja, mbili" na mwingine akimalizia "tatu" bila kupatana kwanza. Muli alikuja mwisho. Yeye alikuwa mwembamba na hakuhitaji msaada wa mtu, lakini alipofika mbele yao alinyoosha mikono yote miwili, akavutwa kama wenzake.

Aliwahesabu watu kwa macho, akaona hakuna aliyebaki nyuma. Alisema kwamba amefuata safari nyingi za kampuni, na kila mara kuna walioishia kwenye ule ufa wakarudi nyuma. Halafu akamgeukia Were, akamwambia aende ofisini Jumatatu kuchukua koti jipya, na kwamba safari ijayo hatakuja naye tena, hana cha kutazama. Watu wakapiga vigelegele, Kanini akiwa wa kwanza.

Peres hakupiga kigelegele. Aliwatazama wale watu waliokaa juu ya mawe wakifungua vyakula vyao, akasema kwa sauti ya sokoni, ile inayofika upande wa pili wa barabara, kwamba kama kuna asiyejua, huyu ni mkwe wake, mume wa Selpher wake, na kwamba Selpher alichagua mume.

Were alikuwa ameinamisha kichwa, mazoea hayafi kwa siku moja. Peres akakaa kwenye jiwe mbele yake.

"Nitazame," alimwambia. "Nimeyameza maswali tangu asubuhi, yananiumiza tumbo. Huo moto uliosema, ulitoka wapi?"

Were akainua kichwa taratibu. Wakaonana. Peres aligundua kwamba kijana alikuwa na kidevu chenye kishimo, kile kile alichokuwa akikiona kwa mjukuu wake na kushindwa kujua kimetoka kwa nani. Were akacheka, akaonyesha chini ardhini, akaanza kumweleza. Maswali yalikuwa mengi, na aliyajibu yote akimtazama usoni.