Marahaba ya Shangazi

Pale uwanjani kulikuwa na ndege nyingi, na zote ziliitwa kwa namba zake, isipokuwa moja. Huyo aliitwa Shangazi. Mgeni akijisahau akasema "hiyo ndege", fundi wake, Bi Spana, alimtazama juu ya miwani bila kupepesa mpaka ajirekebishe mwenyewe: "Samahani. Yeye."

Na ukimwona ungekubali. Tumbo lake lilimeza malori mawili na bado likabaki na nafasi ya kupiga soga. Magurudumu yake kumi yalibonyea kwa uzito kama miguu ya mtu aliyeshinda jikoni. Alizaliwa jeshini. Chini ya rangi yake nyeupe kulikuwa na ya kijani, na kwenye paja la kushoto alikuwa na kiraka cha bati alichokipata vitani, ambacho hakupenda kiguswe. Kila aliyekigusa alijigonga kichwa mahali kabla ya jioni. Huo si uchawi, ni tabia. Alibeba vifaru, akabeba askari waliomtapikia, na amani ilipokuja akabeba unga, mahema na, safari moja, ng'ombe mia moja. Bi Spana alishikilia kwamba safari ile Shangazi hajaisamehe mpaka leo.

Bi Spana alikuwa naye kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo asubuhi zao zilianza namna moja. Injini za aina ya Shangazi huvuja oili. Si ugonjwa, ni maumbile. Mzee aliyemfundisha kazi Bi Spana alimwambia siku ya kwanza kabisa: "Ukikuta hazivuji, mwanangu, usishangilie. Ujue oili imekwisha." Basi chini ya kila injini kulikuwa na karai. Kabla hajanywa chai, Bi Spana alisimama chini ya bawa, akasema, "Shikamoo, Shangazi," kisha akanyamaza kusubiri. Baada ya kitambo tone lilianguka karaini: ti! Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba. Baada ya hapo alizunguka karai moja hadi nyingine, akisoma wingi wa oili na rangi yake, akanusa, akachovya kidole, na akajua Shangazi kaamkaje. Hakuna mashine iliyowahi kumpa habari sahihi zaidi.

Sasa wenye Shangazi walikuwa wamemchoka. Walikwisha kuelewana na mnunuzi wa vyuma chakavu, jamaa mmoja mnene mwenye kofia, ambaye mafundi walimwita Msumeno. Kilichobaki kilikuwa nafasi moja tu. Mji mmoja juu milimani ulikuwa gizani tangu daraja lake lisombwe na mafuriko, na transfoma lao jipya, kubwa kama chumba cha kulala, lilikuwa limekaa hangarini kwa sababu hakukuwa na ndege nyingine ambayo mlango wake ungelipitisha. Shangazi akilifikisha, angepewa kazi ya miaka miwili ya kuupelekea mji ule mizigo yake. Asiporuka siku ile iliyopangwa, kesho yake Msumeno angeanza kukata. Hayo yaliandikwa na kutiwa sahihi, na Bi Spana aliyasoma mara tatu akitafuta pa kupenyea asipaone.

Kikwazo kilikuwa cheti cha kuruhusiwa kuruka, na cheti kilikuwa mkononi mwa Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa kijana wa makamo, shati jeupe pe, viatu vya kujitazamia. Wiki moja kabla alikuja, akaona yale makarai manne, akakunja uso.

"Ndege inayovuja siwezi kuipa cheti, mama."

"Havuji, anadondosha," alisema Bi Spana. "Chururu si ndondondo, mwanangu. Injini hizi ndivyo zilivyo."

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake, na kuandika kule kulimkosesha Bi Spana usingizi.

Basi mchana wa siku ya kuamkia ukaguzi, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisugua sakafu ya hangari kwa sabuni mpaka ikang'aa. Makarai akayafungia stoo. Kisha akachonga vizibo vinne vya mti, akavizungushia kitambaa, akapanda ngazi akaziba mabomba ya kupumulia ya injini zote nne, maana matone mengi hutokea humo. Nia yake ilikuwa avizibue Mkaguzi akishapita. Kila kizibo alikifunga utepe mwekundu ili asikisahau, ndivyo kazi inavyotaka. Lakini utepe uliishia kwenye cha tatu. Cha nne, cha injini namba tatu, alikifunga kipande cha kitambaa cheusi alichochana kwenye mfuko wa ovaroli yake. Kitambaa cheusi, kwenye bomba jeusi, chini ya injini nyeusi. Mtu akikuambia werevu haupotezi watu, mkumbushe hilo.

Asubuhi yake sakafu ilikuwa kavu kama sahani. Mkaguzi alipita, akainama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaweka alama ya vema. Bi Spana hakumsalimia Shangazi siku hiyo. Karai halikuwepo la kuitikia, na mwenyewe alikuwa na haya. Alipitia upande wa mkia kama mtu anayemkwepa mdai.

Mkaguzi alipopanda ndani kwenda kuzitazama geji, Bi Spana akachukua ngazi haraka. Kizibo cha injini namba moja akang'oa. Cha namba mbili. Cha namba nne. Alikuwa anaisogeza ngazi kuelekea namba tatu aliposikia kitu kinakwaruza upande wa pili. Akazunguka. Alikuwa Msumeno, kipande cha chaki mkononi, anamchora Shangazi tumboni mistari ya mahali atakapokata.

"We!" Bi Spana alipaza sauti hangari zima likasikia. "Unamchora mtu yu hai?"

"Napunguza kazi ya kesho tu, mama."

"Kesho ni ya Mungu! Toka hapa kabla sijakuchora wewe!"

Msumeno alitoka mbio na kofia mkononi, mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Bi Spana akabaki anaitazama kwa hasira ile mistari myeupe. Hasira ile ndiyo iliyokula kizibo cha namba tatu. Alipopoa alitafuta utepe mwekundu kwa macho, hakuona hata mmoja, akatosheka.

Saa tano Shangazi alivutwa nje, transfoma likiwa tumboni. Milima kule hujifunika ukungu kila alasiri, na safari ilikuwa ya saa tatu. Asipokuwa hewani saa sita kamili, asingekuwa na pa kutua. Rubani alikuwa Kapteni, mume wa dada yake Bi Spana, mtu mrefu asiyejua kupita mbele ya shemeji yake bila kumchokoza.

"Shemeji, ukiniua leo, dada yako atavumiliwa na nani?"

"Watapanga foleni," alisema Bi Spana. "Panda huko."

Alisimama mbele ya pua, mtungi wa kuzimia moto ubavuni. Injini zikawaka moja baada ya nyingine, kila moja ikitema moshi wa bluu. Ardhi ikatetemeka. Watu waliokuwa wamejaa kwenye uzio wakapiga kelele. Kapteni aliinua dole gumba dirishani: geji zote salama. Mkaguzi, amesimama pembeni, akafungua kalamu kutia sahihi.

Ila Bi Spana alikuwa anasikia kitu. Namba moja ilinguruma vizuri, mbili vizuri, nne vizuri. Namba tatu iliongelea puani. Hakuna geji inayopima sauti ya puani. Alipeleka mkono mfukoni bila kufikiri, akapapasa, na vidole vikatokea upande wa pili, mahali alipochana kitambaa. Hapo akakikumbuka kile kizibo cha kitambaa cheusi.

Akajua mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, injini iliyozibwa pumzi itatapika oili yake yote angani, na pale juu kuna Kapteni na wenzake wawili. La pili, Shangazi akizimwa akiwa moto hununa saa nzima. Hajawahi, katika miaka thelathini na mmoja, kuwaka mara ya pili kabla ya saa kupita. Kumzima sasa ni kumpa Msumeno. Bi Spana aliitazama mistari ya chaki. Kisha akainua mikono juu akaipishanisha, ishara ambayo rubani akiiona huzima kwanza na kuuliza baadaye.

Injini zikanyamaza zote nne. Uzio mzima ukaguna. Msumeno akavaa kofia yake.

"Kuna nini?" Mkaguzi alikuja mbio. "Geji zote ni nzima!"

"Niliziba mimi," alisema Bi Spana, huku tayari anapanda ngazi. "Jana. Ili usione anavuja. Anavuja, baba. Amevuja tangu hujazaliwa, na mimi kwa ujinga wangu nimemziba pua nikasahau."

Alishika kizibo kwa koleo akakivuta. Shangazi akapiga chafya. Hakuna neno lingine la kueleza. Oili nyeusi iliyokuwa imebanwa iliruka kwa kishindo, ikampita Bi Spana begani, ikatua yote kwenye shati jeupe la Mkaguzi na salio likaenda viatuni.

Kapteni alikuwa amechungulia dirishani. "Mficha maradhi, shemeji," alisema polepole, wala hakuimaliza, kwa jinsi Bi Spana alivyomwangalia.

Mkaguzi alifuta jicho moja. Bi Spana alisubiri kusikia neno la mwisho. Lakini kijana yule, pamoja na viatu vyake, alikuwa mtu wa haki. Alitoa mkobani kitabu kikuukuu cha waliomtengeneza Shangazi, akalamba kidole chenye oili, akafunua kurasa ambazo zilikuwa bado zimegandana. Mwenyewe hakuwahi kuzisoma, kwa kuwa aliamini macho yake. Bi Spana naye hakuwahi, kwa kuwa alifundishwa kwa mdomo.

"Hapa," alisema Mkaguzi. "Matone kumi kwa dakika kwa kila injini. Yanaruhusiwa."

"Yanaruhusiwa?"

"Yameandikwa."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkaguzi alipiga magoti kwenye lami na suruali yake ya kupigwa pasi, saa mkononi, akahesabu matone ya namba tatu yakianguka. Manne. Akainuka, akatia sahihi, na alama ya dole gumba lake ikabaki kwenye cheti. "Ila ni saa sita kasoro dakika kumi, mama," alisema. "Nasikia akiwa moto hawaki."

"Hawaki," alisema Bi Spana.

Alishuka ngazi akasimama chini ya namba tatu. Mafundi walikuwepo, Msumeno alikuwepo, wenye mali walikuwepo, na yeye hakujali. Alikinga kiganja chini ya lile bomba.

"Shikamoo, Shangazi," alisema. "Leo sikukusalimia. Nilikuonea haya mbele ya watu, wewe uliyenilishia watoto wangu. Nisamehe. Ukitaka kununa, una haki. Lakini wale pale wana misumeno."

Kitambo kikapita. Tone la moto likaanguka kiganjani mwake. Akafunga ngumi, akarudi nyuma, akazungusha mkono hewani: washa.

Namba tatu ilianza. Pangaboi likazunguka mara moja kwa uvivu, mara mbili, likasita. Likazunguka tena. Likasita. Bi Spana aliuma mdomo mpaka ukamuuma. Na ghafla ikakohoa, ikatema moshi, ikakamata, ikanguruma kwa sauti pana isiyo ya puani hata chembe. Namba nne ikafuata kabla hata ya kubembelezwa, kisha mbili, kisha moja, kama wanawake wa ukoo mmoja wakiinuka pamoja. Mafundi walirusha kofia. Mtu mzima mmoja alilia waziwazi, na si mwingine, ni Bi Spana.

Shangazi aliifuata njia yake taratibu, akageuka, akatulia kidogo kama anayevuta pumzi. Halafu akaja. Alikuja na uzito wake wote, na transfoma, na miaka yake, na mistari ya chaki tumboni, lami ikilalamika, vioo vya ofisi vikitetemeka. Uwanja ulikuwa unamwishia na bado hajainuka. Pua ilinyanyuka, kisha yale magurudumu kumi yakaiacha ardhi, na kivuli chake kikawafunika watu wote pale uzioni kwa muda wa kutosha kuhisi ubaridi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika moja. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi sokoni.

Jioni mji ule uliwaka taa. Kapteni alisema walipoziona kutoka uwanjani kule juu, hakuna aliyeongea kwa muda, na kwa Kapteni huo ni muujiza.

Shangazi alirudi kesho yake asubuhi, amelowa ukungu wa milimani, na chaki yote imeoshwa. Bi Spana alikwisha kuyapanga makarai manne mahali pake. Mkaguzi alikuwepo na shati jingine, la rangi ya kahawia safari hii. Msumeno naye alikuwa amekuja kuchukua vifaa vyake hangarini. Alipofika chini ya bawa akasimama, akatazama juu, akatazama tumbo lisilo na mstari hata mmoja. Taratibu akavua kofia.

"Shikamoo, Shangazi," alisema.

Watu wote wakanyamaza. Hata Kapteni. Wakasubiri, macho yao kwenye karai la namba tatu, na ukimya ukarefuka mpaka Msumeno akaanza kuizungusha kofia mikononi.

Ti!

"Kakuitikia," alisema Bi Spana, akaenda kunywa chai yake.