Mwandishi wa Vitabu Vyote vya Usawira

Usawira ni nchi iliyojibanza kati ya mito miwili, yenye mvua ya kutosha, ndizi za kupindukia na wakubwa wa kupindukia zaidi. Na huko mtu haheshimiwi kwa ng'ombe wala kwa majumba, bali kwa vitabu vilivyoandikwa jina lake katika katalogi ya Maktaba Kuu. Ndiyo maana Mtukufu Ngurumbi, aliyetawala muda mrefu hata watoto wakamdhani ni sehemu ya hali ya hewa, hakuwa na raha. Alikuwa na majumba, ng'ombe, hata mlima uliobadilishwa jina kwa heshima yake, lakini kitabu hakuwa nacho hata kimoja, kwa kuwa kuandika kunataka upweke, na yeye hakuzoea kukaa mahali pasipo na mtu wa kumpigia makofi.

Katalogi hiyo iliendeshwa kwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuirekebisha, na maktaba za nchi jirani zilichukua humo kila badiliko. Muundo wake wa data ulisanifiwa na Zamoyoni, mwanamke mkaidi asiyejua kuchekacheka mbele ya wakubwa. Aliweka kazi ya mwandishi upande mmoja, nakala zilizo rafuni upande wa pili, kisha kiungo cha kumfunga kila mwandishi na kazi yake. Kitabu cha kwanza alichokiingiza kilikuwa cha ukunga, cha marehemu mama yake, Bi Kidawa. Mama huyo hakuacha shamba wala picha. Jina lake lilibaki katalogini tu.

Siku moja Waziri Tamburu aliingia maktabani akitabasamu, walinzi nyuma yake.

"Binti, muundo wako mzuri, ila nafasi ya mwandishi umeiacha wazi mno. Kuanzia leo ijazwe jina la Mtukufu, kwa kila kitabu. Kwani nani aliyewapa watu amani ya kuandika?"

"Na mama yangu, mheshimiwa?"

"Atashukuru huko aliko."

Zamoyoni alisema lililompasa. "Kiungo hicho ndicho kinachowaita waandishi kwenye kigoda. Jina likihama, na mwito unahama."

Kwa desturi ya Usawira, mwandishi huitwa uani mwa maktaba, akakalia kigoda kisicho na mgongo na kujibu maswali ya wasomaji. Akiinuka kabla ya swali la mwisho kujibiwa, au akikana maneno ya kitabu, jina lake hufutwa katalogini, na maktaba zote humwandika mwizi.

Tamburu alicheka hadi akashika tumbo. "Nani atathubutu kumwuliza Mtukufu? Hamisha vyote!"

Zamoyoni alihamisha, huku akilia. Mtukufu akawa ameandika ufugaji wa nyuki, adabu za mazishi, ngano za watoto, na hata vijitabu vilivyomtukana yeye mwenyewe. Magazeti yalimsifu mpaka wino ukaadimika. Nchi jirani nazo zikachukua badiliko hilo, mwito ukatoka, na wasomaji wakamiminika kwa mabasi kutoka ng'ambo ya mito, watu wasioogopa jela ya Usawira hata kidogo.

Mtukufu alipouona umati alidhani umekuja kushangilia. Akakaa kwenye kigoda.

"Mtukufu," aliuliza mzee mmoja mgeni, kwa adabu zote, "ulikuwa na maana gani ulipoandika kwamba Mtukufu ni mwizi?"

Ngurumbi alimtazama Tamburu, na Tamburu akawa anachunguza viatu vyake.

"Huo ulikuwa... mfano tu," Mtukufu alisema, jasho likimtiririka.

Zamoyoni naye alikuwa amepanga foleni. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya kigoda.

"Mtoto akitanguliza miguu, mkunga afanye nini?"

"Swali zuri sana. Tutaunda tume."

"Mtoto hangoji tume, Mtukufu."

Siku hizi wapo wanaosema nchi inatawaliwa kutoka pale uani, na wapo wanaosema haitawaliwi kabisa, ila ndizi zinaiva kama kawaida. Foleni imezunguka maktaba na kushuka hadi mtoni. Mtukufu hathubutu kuinuka, na Zamoyoni hajasogea. Bado anasubiri jibu.